Mtunguja: Dawa na Sumu Katika Mti Mmoja

 

Leo hatuzungumzi juu ya chandarua wala chanjo. Leo nataka tutazame historia ya mti mmoja mdogo ambao kila mmoja wetu anaujua, hata kama hajawahi kuufikiria. Ni mtunguja. Ukitoka nje ya nyumba yako sasa hivi na kutembea hatua chache kuelekea barabarani, au kwenye shamba lililolala, au pale mbuzi wanapochungwa, huenda ukauona. Kimo chake ni cha kiunoni au kifuani. Majani yake ni ya kijani chenye kijivujivu, na ukiyagusa yana manyoya laini. Shina lake lina miiba, na wakati mwingine hata majani yana miiba. Maua yake ni ya zambarau. Matunda yake, yaani tunguja, yakiwa machanga ni ya kijani yenye michirizi myeupe, na yakiiva yanakuwa ya manjano ya kupendeza.

Huko zahanati watu huniuliza, "Sista, mtunguja ni dawa au ni sumu?" Wengine wanauliza kwa sababu wana jino linalouma na jirani amewaambia wachimbe mzizi. Wengine wanauliza baada ya mtoto kutapika usiku kucha. Jibu langu ni kwamba ni vyote viwili. Wazee wetu walilijua hilo, na wataalamu wa maabara wakaja kulithibitisha. Kilichopotea katikati ni mipaka, yaani kujua sehemu gani ya mti itumike, kwa nani, kiasi gani, na ndani au nje ya mwili. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia leo.

MTI WENYE NDUGU WENGI

Kwanza tuijue jamaa ya mti huu, kwa sababu mengi ya makosa yanaanzia hapo. Mtunguja ni wa jamaa moja na nyanya, biringani, pilipili, viazi mbatata na hata tumbaku. Mnavu, ile mboga yetu ya majani inayozaa vitunda vidogo vidogo, ni ndugu yake wa karibu sana. Mnanaha, ule wenye maua marefu kama tarumbeta na matunda yenye miiba miiba, ni binamu yake, na ni binamu mwenye hatari kubwa.

Ndugu wengine wa jamaa hii si wenyeji. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, hakuna mtu wa pwani hii aliyekuwa amewahi kula nyanya, pilipili hoho au kiazi mbatata. Mimea hiyo ilitoka Marekani ya Kati na Kusini, na ilitufikia katika karne zilizofuata kwa njia za meli na biashara. Lakini mtunguja ni mwenyeji wa Afrika. Ulikuwepo hapa kabla ya hao wote, na kila kabila lililoishi nao lilikuwa na jina lake. Wakamba na Wakikuyu wanauita mutongu, Wajaluo wanauita ochok, na Wamasai wanauita entulelei. Wenzetu wa Tanzania wengi wanalijua tunda lake kwa jina la ndulele. Mti usiokuwa na kazi kwa watu haupewi majina mengi namna hiyo.

Wazungu nao waliupa jina lao. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Uswidi, aliyepanga majina ya mimea ya dunia, aliandika jina Solanum incanum. Kwa miaka mingi vitabu vya Afrika Mashariki viliutumia jina hilo kwa mtunguja wetu. Mwaka 2013 wataalamu walilichunguza upya kundi hilo na kuonyesha kwamba chini ya jina moja kulikuwa na mimea kadhaa tofauti, na kwamba mingi iliyoko Afrika Mashariki ni Solanum campylacanthum. Naitaja habari hii kwa sababu moja. Ikiwa mabingwa wenye darubini walichanganya mimea hii kwa miaka zaidi ya mia mbili, basi mimi na wewe tusiamini jina peke yake. Mtu akikuambia "chemsha mtunguja", huenda ule anaoufikiria yeye sio ule utakaouchimba wewe.

KAZI YAKE KATIKA TIBA YA WAZEE

Sasa tuje kwenye tiba. Profesa J. O. Kokwaro wa Kenya alichapisha mwaka 1976 kitabu kikubwa juu ya mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, na mtunguja umo humo. Ukiyalinganisha yaliyoandikwa na yale ambayo mahawe na matsawe zetu, yaani mabibi na mababu, wanayasimulia hapa kwetu, utaona yanafanana sana.

Kazi ya kwanza ni jino. Mzizi wa mtunguja huchimbwa, huoshwa, na kutafunwa upande wa jino linalouma. Maji yake ni machungu na hutemwa. Mahali pengine mbegu kavu za mimea ya jamaa hii zilichomwa, na moshi ukavutwa mdomoni ili "kutoa wadudu wa jino". Imani ya mdudu wa jino haikuwa yetu peke yetu. Ulaya nako watu walivuta moshi wa mbegu za mimea ya jamaa hii hii kwa sababu hiyo hiyo. Ni mwaka 1728 ndipo daktari wa meno wa Ufaransa, Pierre Fauchard, alipoandika kitabu akisema ametafuta wadudu hao na hakuwaona. Jino halitobolewi na mdudu anayetambaa. Hutobolewa na asidi inayotengenezwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinapokula sukari iliyobaki mdomoni.

Kazi ya pili ni ngozi. Tunda hukatwa na kupakwa kwenye punye, choa, au vidutu. Kazi ya tatu ni tumbo na kifua: mzizi huchemshwa na maji yake hunywewa kidogo kwa msokoto wa tumbo au kikohozi. Ya nne ni jeraha la nyoka, ambapo mzizi au majani husagwa na kuwekwa kwenye jeraha. Na kuna kazi zisizokuwa za dawa. Wafugaji wa sehemu nyingi za Afrika wametumia maji ya tunda hili kugandisha maziwa, na wengine kulainisha ngozi za wanyama.

Mnanaha nao ulikuwa na kazi yake. Majani yake makavu yalivutwa kama sigara na wagonjwa wa pumu. Msicheke. Mwaka 1802 desturi hiyo ya kuvuta majani ya jamaa ya mnanaha ilipelekwa Uingereza kutoka India, na kwa zaidi ya miaka mia moja sigara za pumu ziliuzwa katika maduka ya dawa ya Ulaya.

MIPAKA ILIYOKUWEPO

Ukiwasikiliza vizuri wazee wenye ujuzi wa mihaso, yaani dawa zetu za miti, utagundua kwamba hawasemi tu "mtunguja ni dawa". Wanasema na masharti. Mzizi sio tunda. Kutafuna na kutema sio kumeza. Kupaka sio kunywa. Mtu mzima sio mtoto. Mwenye mimba haguswi. Na mganga mwenyewe ndiye anayekwenda kuchimba. Hamtumi mtoto wa jirani, kwa sababu anataka kuwa na hakika ni mti gani na umri wake ni upi.

Masharti mengine yalivalishwa nguo ya mwiko. Mti uchimbwe alfajiri, au upande wa mawio, au mchimbaji asizungumze na mtu njiani. Mimi kama muuguzi siwezi kusema mawio yana nguvu gani. Lakini naona faida moja ya miiko hiyo: ilifanya dawa isiwe kitu cha kuchukuliwa ovyo. Dawa yenye masharti mengi haichemshwi sufuria nzima na kila mtu akajinywea.

Tusiwasifu wazee kupita kiasi pia. Si kila kilichofanywa zamani kilikuwa salama. Kuna waliozidisha, na kuna wagonjwa waliokufa na ikasemekana ni kwa sababu nyingine, maana hapakuwa na njia ya kupima. Hatuna rejista ya wagonjwa wa wakati huo. Tulichobakiwa nacho ni masharti yenyewe, na masharti hayo yanatuonyesha kwamba waliouelewa mti huu waliuogopa.

JINSI MIPAKA ILIVYOPOTEA

Sasa, ilikuwaje ujuzi huo ukapungua? Kuna sababu kadhaa, nami nitataja tatu.

Ya kwanza ni historia ya utawala. Mwaka 1914 serikali ya Mwingereza ililipua Kaya Fungo kwa baruti, baada ya Mekatilili wa Menza kuwaapisha Wagiriama wasiwatii wakoloni. Viapo vile vilikwenda pamoja na mihaso, na tangu hapo watu wa mihaso walitazamwa kwa jicho la shaka. Mwaka 1925 ikaja sheria ya uchawi, ambayo bado imo katika vitabu vya sheria za Kenya. Sheria hiyo iliwalenga wachawi na wenye kujifanya wachawi, lakini machoni pa maofisa wengi, mganga wa mizizi ya tumbo, mganga wa mburuga anayepiga bao, na mchawi walikuwa kitu kimoja. Mtu anayeogopa kushtakiwa hafundishi hadharani. Ujuzi ukabaki wa kunong'onezana.

Sababu ya pili ni shule na safari za kazi. Kijana aliyekaa shuleni Kilifi, kisha akaenda Mombasa kutafuta kibarua, hakukaa na tsawe yake msituni miaka kumi kujifunza. Alichosikia ni nusu ya habari: "jino likiuma, mtunguja". Nusu ya pili, yaani masharti, hakuipata.

Sababu ya tatu ni ardhi. Mtunguja haupendi msitu mnene kama Arabuko-Sokoke. Unapenda ardhi iliyofyekwa, iliyolimwa ikaachwa, au iliyolishwa mifugo kupita kiasi. Mbuzi anakula majani mengine na kuuacha wenye miiba, kwa hiyo mwenyewe unazidi. Kadiri misitu ilivyofyekwa, na skimu za makazi kama za Gede na Tezo-Roka zilivyofunguliwa, na nyumba zilivyosogeleana, ndivyo mtunguja ulivyosogea mlangoni kwetu. Zamani ilikuwa lazima uutafute. Siku hizi tunda la manjano liko karibu na mkono wa mtoto wa miaka miwili, wakati anayejua masharti yake yuko mbali.

Baadaye mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, nchi za dunia zilikubaliana kuhusu afya ya msingi kwa wote, na waganga wa jadi walitajwa kuwa wanaweza kushirikishwa. Nchini Kenya, taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ilianzishwa mwaka 1979, na baadaye ikawa na kituo cha kuchunguza dawa za kienyeji. Na sheria ya afya ya mwaka 2017 ina sehemu nzima inayohusu tiba ya jadi. Kwa hiyo mganga wa mizizi hana sababu ya kujificha tena, na mgonjwa hana sababu ya kumficha muuguzi.

MAABARA ILISEMA NINI

Tuingie maabara kidogo, msiogope majina. Mwaka 1820 mfamasia wa Ufaransa aitwaye Desfosses alitoa kitu kichungu kutoka kwenye vitunda vya ndugu wa mnavu wa Ulaya, akakiita solanini. Baadaye iligundulika kwamba kitu hicho hicho kiko kwenye kiazi mbatata kilichogeuka kijani kwa kukaa juani. Ndiyo sababu tunawaambia akina mama wasipike viazi vya kijani.

Katika mtunguja kuna ndugu wa solanini, wanaoitwa solasonini na solamajini. Ni vitu vichungu ambavyo mti unavitengeneza ili usiliwe na wadudu na wanyama. Vinaweza kuharibu ngozi ya nje ya chembe hai. Hapo ndipo siri yote ilipo. Kitu kinachoweza kuua ukungu wa choa juu ya ngozi ndicho hicho hicho kinachochubua utumbo kikimezwa. Hakuna dawa upande huu na sumu upande ule. Ni kitu kimoja, na tofauti ni mahali kilipowekwa na kiasi chake.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: sumu hii haiondoki kwa kuchemsha. Tumezoea kwamba moto unaua vijidudu, na ni kweli. Lakini sumu ya mtunguja si kijidudu. Ukichemsha mizizi mpaka maji yapungue nusu, umeifanya kali zaidi.

Wanasayansi wameitumia jamaa hii kwa faida pia. Kutoka kwenye mimea ya aina hii hupatikana solasodini, na katika karne iliyopita nchi kama Urusi ya Kisovieti na India zilipanda mashamba ya ndugu za mtunguja ili kupata malighafi ya kutengeneza dawa za homoni, za aina inayotumika katika vidonge vya kupanga uzazi. Lakini solasodini yenyewe, ilipopewa wanyama wa maabara wenye mimba, ilileta kasoro kwa vijusi. Kwa hiyo ule mwiko wa wazee kwamba mwenye mimba haguswi ulikuwa na maana.

Kutoka kwa binamu mnanaha na jamaa zake hupatikana atropini, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na wafamasia wa Ujerumani katika miaka ya 1830. Atropini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Mkulima akiletwa hospitali amevuta au kunywa dawa za kunyunyizia mimea, mara nyingi ni atropini inayomwokoa. Lakini sindano hiyo imepimwa kwa miligramu. Jani la mnanaha halina kipimo. Mti mmoja unaweza kuwa na sumu nyingi kuliko mwenzake ulio hatua tatu pembeni.

YALIYOTOKEA KWA WENGINE

Nina mifano miwili kutoka nje ya kwetu, ili tusidhani hatari hii ni ya vitabuni tu.

Huko Transkei, Afrika Kusini, katika miaka ya 1960 saratani ya umio, yaani njia ya chakula, ilikuwa imeenea sana, na watafiti walikuwa wakitafuta sababu. Mwaka 1969 walichapisha katika jarida la Nature kwamba katika tunda la mtunguja, ambalo watu wa huko walilitumia kugandisha maziwa, walipata kemikali iitwayo dimethilinitrosamini, ambayo huleta saratani kwa wanyama wa maabara. Hiyo haikuthibitisha kwamba tunguja peke yake ndiyo iliyoleta ugonjwa ule, kwa sababu kulikuwa na mambo mengine kama tumbaku, pombe na lishe duni. Lakini inatufundisha kwamba kuna sumu ya leo, ambayo mtu huiona kwa kutapika, na huenda kuna sumu ya polepole, ambayo hatuioni mpaka miaka ipite. Anayesema "mimi nainywa kila wiki na sijafa" ameangalia ile ya kwanza tu.

Mfano wa pili ni wa jirani. Mwezi wa Machi mwaka 2019, katika wilaya za Napak na Amudat, eneo la Karamoja nchini Uganda, watu waliokula uji wa msaada walianza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, na wengine kuzimia. Zaidi ya watu 290 waliugua na watano walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba unga ule ulikuwa na atropini na skopolamini, sumu za jamaa ya mnanaha. Mbegu za mti wa porini zilikuwa zimechanganyika na nafaka. Hakuna aliyemlaani mtu, na hakukuwa na pepo. Ilikuwa ni mbegu.

Nasisitiza habari ya pepo kwa sababu ya mahali tunapoishi. Mtu aliyekula mnanaha hukauka mdomo, ngozi huwa ya moto na nyekundu, mboni za macho hutanuka, moyo hupiga mbio, na huzungumza na watu wasioonekana. Hapa kwetu, jamaa wakiona hivyo, wengi watasema amepandwa, na atapelekwa kwanza kwenye mburuga. Saa zinapita. Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye dege. Utafiti uliofanywa hapa Kilifi katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba akina mama wengi hawakuihusisha dege na malaria, bali na nyuni, na kwa hiyo walianza kwa mganga. Simkatazi mtu imani yake. Nasema hospitali iwe ya kwanza, kwa sababu kuna magonjwa yasiyosubiri.

DALILI NA HUDUMA YA KWANZA

Mtu aliyekula tunguja au kunywa maji yake mengi huwashwa koo, hutapika, tumbo humsokota na kuharisha. Kichwa huuma, anakuwa na usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa. Ikizidi, mapigo ya moyo hubadilika, pumzi inakuwa ya shida, na mtoto anaweza kupata dege. Dalili huweza kuchelewa saa kadhaa baada ya kula, kwa hiyo usiseme "amekula asubuhi na sasa ni adhuhuri, hana neno".

Ukimkuta mtoto na tunguja mdomoni, fanya hivi. Mtoe mabaki mdomoni kwa kidole kilichofungwa kitambaa, kisha msukutue kwa maji safi. Usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Usimpe mafuta ya kupikia wala mkaa wa jikoni. Akiwa na usingizi, mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe. Mpeleke kituo cha afya mara moja, bodaboda au tuktuk, chochote kilicho karibu. Na tafadhali, njoo na tawi la mti wenyewe lenye jani na tunda. Tawi hilo linaweza kutuokolea muda mwingi kuliko maelezo.

TUYACHUKUE YAPI, TUYAACHE YAPI

Kwa hiyo, wasikilizaji, katika historia hii ndefu tuchukue nini?

Tuchukue mipaka ya wazee, na tuiongeze. Mtoto asipewe mtunguja kabisa. Mtoto mchanga hadi miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata maji matupu hayahitaji, sembuse maji ya mzizi. Mama mwenye mimba na anayenyonyesha asiutumie. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo, figo au ini asiuguse. Na kwa mtu mzima mwenye afya, ushauri wangu ni kwamba usiunywe.

Jino linalouma litibiwe na daktari wa meno. Mzizi unaweza kutuliza maumivu ya usiku mmoja, lakini tundu linabaki, na usaha ukiingia kwenye taya ni hatari. Punye na choa zina dawa ya kupaka isiyokuwa ghali. Mtu aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala kufungwa kamba ya kukaza. Asitembezwe, atulizwe, na apelekwe hospitali haraka, maana tiba yenyewe ni dawa maalumu ya kuondoa sumu ya nyoka. Hapo Watamu tuna bahati ya kuwa na Bio-Ken, kituo cha nyoka kilichoanzishwa mwaka 1980, ambacho kimewasaidia wengi kwa ushauri.

Mboga ya mnavu tuendelee kuila, ni lishe nzuri pamoja na mtsunga na mchicha. Lakini achume mtu anayeujua, achume majani machanga, ayachemshe vizuri na kumwaga maji ya kwanza, na asichanganye na vitunda vya kijani. Mnavu hauna miiba. Ukiona mwiba, acha.

Ng'oeni mitunguja iliyo karibu na uwanja wa watoto, mkivaa kitu mikononi kwa ajili ya miiba. Wafundisheni watoto kwamba tunguja si gololi wala si nyanya. Wachungaji nao waangalie: watafiti wa mifugo wa Kenya walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa sumu ya mti huu kwa kondoo. Wakati wa ukame, mnyama mwenye njaa hula hata alichokuwa akikikwepa.

Na mwisho, jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Ukija kituoni, tuambie ulichokunywa. Mama akiogopa kugombezwa atanyamaza, na muuguzi atatibu malaria wakati tumbo limejaa maji ya mzizi. Wauguzi wenzangu mnaonisikiliza, tumpokee mama huyo kwa upole. Na nyinyi waganga wa mihaso, baba zangu na mama zangu, mwenye ujuzi wa kweli ni yule anayejua pia pa kukomea. Mgonjwa akikushinda, mwandikie barua au mpeleke mwenyewe kwa mkono. Hiyo haikushushii heshima.

Kama una mzee nyumbani anayeujua mti huu, kaa naye jioni hii umuulize. Usimuulize tu unatibu nini. Muulize nani asipewe, kiasi gani ni kingi, na alimwona nani akidhurika. Majibu hayo ndiyo yanayozikwa na wazee wetu kila mwaka, na ndiyo tunayoyahitaji zaidi.